Rangi Nne Hazijawa Shairi

Mpe mwandishi chipukizi wa Bongo kalamu na karatasi, mwambie aandike shairi kuhusu bendera ya taifa. Atakacholeta nakijua, na wewe ndugu msomaji unakijua. Ubeti wa kwanza kijani: ardhi na mimea yake. Ubeti wa pili njano: madini. Ubeti wa tatu nyeusi: sisi wananchi. Ubeti wa nne bluu: bahari, maziwa na mito. Ubeti wa tano ni wa kuaga, anamwomba Mungu atulinde, kisha anaandika jina lake na sanduku la posta. Vina vimekaa sawa, mizani imetimia, hakuna wa kumkosoa. Ila kuna kitu kimoja mshairi wetu hakukifanya toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuitazama bendera.

Ugonjwa huu tumetoka nao darasani. Swali la mtihani linauliza rangi na maana zake, unajibu, unapata maksi zako nne, unakwenda mapumziko. Wala sisemi kwamba majibu yale ni ya uongo. Ndiyo maana rasmi, na kila raia anapaswa kuzijua. Ninachobisha mimi ni kudhani kwamba ukishazitaja umeisoma bendera.

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua rangi hizohizo nne, uzipange milia ya kulala. Au ya kusimama. Au weka duara la njano katikati, kama jicho la paka. Zile maana za shuleni zitabaki zilezile, hazipungui hata nukta. Kijani bado ardhi, nyeusi bado watu. Sasa kama bendera inaweza kubadilika kabisa na maana isitikisike, basi ile haikuwa maana ya bendera hii. Ilikuwa maana ya makopo manne ya rangi.

Tuliomaliza kidato cha nne tulikaririshwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui, na kwamba huwezi kuvitenganisha. Tukaandika hivyo kwenye mitihani ya Kiswahili, halafu tukafika kwenye bendera tukatupa fani yote jalalani. Fani ya bendera ni mpangilio wake: nini kiko juu, nini kiko chini, nini kinagusa nini, na ule mstari mweusi unakwenda wapi. Hapo ndipo penye kazi. Lakini huwezi kuuelewa mpangilio bila kujua ulitokea wapi, kwa hiyo nivumilie kidogo kwenye historia.

Mkoloni Mwingereza alikuwa ameiwekea Tanganyika bendera yake mwenyewe, na ndani yake kichwa cha twiga. Twiga, bwana! Nchi nzima, na kilichoonekana kufaa ni mnyama wa kupigwa picha na wageni. TANU ilikuwa na bendera ya milia mitatu ya kulala, kijani, nyeusi, kijani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndiyo iliyopanda kama bendera ya Tanganyika huru, ikiwa imeongezewa mistari myembamba ya njano kila upande wa mlia mweusi. Luteni Alexander Nyirenda naye akaisimika Kilimanjaro, kileleni, pamoja na Mwenge.

Ng'ambo ya pili, Zanzibar, Sultani alikuwa na bendera nyekundu tupu. Ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ndani ya wekundu ule likatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Bendera hiyo haikupepea sana. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha Zanzibar ilikuwa na milia mitatu ya kulala katika rangi za chama cha Afro-Shirazi: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili zikawa moja. Bendera ya sasa ikapitishwa tarehe 30 Juni mwaka huo. Jina la Tanzania lilikuja baadaye, tarehe 29 Oktoba 1964. Angalia tarehe hizo vizuri. Kwa muda wa miezi minne bendera tunayoiita ya Tanzania ilipepea juu ya nchi ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaiita Tanzania rasmi. Mtoto kavalishwa nguo kwanza, jina kapewa baadaye. Kama ningekuwa nataka kuandika riwaya ya miaka ile, ningeanzia kwenye miezi hiyo minne, siyo kwenye hotuba.

Sasa tuje kwenye nguo yenyewe. Jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyepewa kazi ya kuchanganya bendera mbili. Mkononi ana kijani, nyeusi, kijani yenye njano nyembamba. Na ana bluu, nyeusi, kijani. Nyeusi iko kwa wote wawili, tena kwa wote iko katikati. Kijani iko kwa wote. Bluu ni ya Zanzibar peke yake, njano ni ya Tanganyika peke yake. Njia rahisi ilikuwa kupanga milia ya kulala. Lakini milia ya kulala ina tabia moja mbaya, nayo ni kwamba lazima mmoja awe juu na mwingine awe chini. Ni kama kitanda cha bweni. Ukiweka kijani juu na bluu chini, Mzanzibari atauliza kwa nini nalalia godoro la chini. Ukigeuza, wa bara atauliza hivyohivyo.

Jawabu likawa kuinua ule mstari mweusi uende mshazari, toka chini kwenye mlingoti mpaka juu kwenye ncha. Kijani ikapata pembe moja, bluu ikapata pembe nyingine, na zote mbili ni pembetatu zenye ukubwa ule ule. Mimi naliona kuwa jawabu la fundi hasa. Ni kama mwandishi aliyekwama kwenye mgogoro wa wahusika wawili, akaacha kuulizia nani ashinde, akageuza chumba chenyewe walichokaa.

Unaweza kuujaribu ufundi huo kwa mikono yako. Chora bendera kwenye karatasi, kisha ipindue, juu iwe chini. Kijani na bluu zitabadilishana nafasi. Mstari mweusi, na njano zake pembeni, utabaki palepale ulipokuwa, hautasogea hata kidogo. Halafu iinue karatasi uitazame kwa nyuma, juani. Mlingoti sasa uko mkono wa kulia, lakini mstari bado unaanzia chini kwenye mlingoti na kupanda kuelekea nje. Kwa hiyo rangi ya watu ndiyo pekee ambayo haitegemei nani kaishika bendera wala amesimama upande gani. Hayo hayamo kwenye orodha ya shuleni, na hakuna shairi nililolisoma kwenye vijarida vyetu lililoyagusa.

Najua kuna mshikaji kijiweni atasema hayo ninajitungia tu, aliyechora hakuwaza mambo hayo. Labda. Lakini ndugu yangu, ukisoma riwaya huwa unampigia simu mwandishi kila ukurasa kumuuliza aliwaza nini? Unachokisoma ni kile kilichopo. Mstari upo, unapanda, na ukipindua haubadiliki. Aliyechora akikataa, kitambaa kitamsuta.

Pia sitaki kuipamba kupita kiasi. Usawa wa zile pembetatu una walakini wake. Kijani imekaa juu, ubavuni mwa mlingoti, mahali ambapo jicho huanzia. Bluu imekaa chini, upande wa ncha, mahali ambapo upepo huanza kuchana kitambaa. Nenda kaangalie bendera yoyote iliyokaa muda mrefu kwenye ofisi ya mtaa, utakuta kilichochanika ni upande ule. Mtu mwenye kinyongo na Muungano anaweza kuandika kitabu kizima juu ya kona ile iliyochanika, na mtu mwenye mapenzi na Muungano anaweza kuandika kingine juu ya kona ileile. Wote wawili watakuwa wamefanya zaidi ya yule wa kijani-ni-ardhi.

Tuuchukue mstari mweusi tena, maana ndiyo wenye utata mkubwa kuliko rangi zote. Orodha inasema ni watu. Watu gani? Mwezi Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya bendera ya Tanganyika kupanda, kulikuwa na mjadala mkali bungeni juu ya uraia. Walikuwepo wabunge waliotaka uraia uende kwa rangi ya ngozi. Nyerere akasimama dhidi yao, akawa tayari kuacha madaraka kuliko kukubali hilo. Akashinda. Kwa hiyo sheria ikasema raia hapimwi kwa ngozi, na mwaka huohuo, mwisho wa mwaka huohuo, kitambaa kikasema watu ni weusi. Huo siyo ubaya wa bendera. Ni mvutano, na mvutano ndicho chakula cha mwandishi. Mhindi wa duka la vipuri aliyezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, anaposimama wimbo wa taifa ukipigwa, anajiona kwenye mstari upi? Andika hiyo hadithi, uone kama watu hawataisoma.

Njano nayo ina kisa chake. Mwaka 1961 pesa ya Tanganyika ilitoka zaidi kwenye katani, kahawa na pamba. Madini yaliyovuma yalikuwa almasi za Mwadui. Hata hivyo katani haikuingia kwenye bendera, ikaingia njano ya madini. Migodi mikubwa ya dhahabu tunayoijua leo ilianza kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Nzega kwanza, halafu Geita mwaka 2000. Yaani ile njano ilikaa pale karibu miaka arobaini ikiwa zaidi ahadi kuliko hali halisi. Tazama na ilivyowekwa. Ni nyembamba kuliko rangi zote, na imekaa katikati ya watu na ardhi, na katikati ya watu na maji. Mweusi hagusi kijani popote bila kupita kwenye njano. Wale waliohamishwa kupisha migodi wangeielewa fani hiyo bila mwalimu.

Nimefika sehemu inayonihusu mimi na wenzangu wa hapa. Naandikia Chang'ombe, ile ya Dodoma, siyo ya Temeke. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza karibu na Desemba zinakata Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 mpaka 600. Baada ya hapo ni vumbi. Mwezi Septemba ukipanda sehemu yoyote ya juu ukatazama, utaona udongo mwekundu, majani makavu, mibuyu imesimama uchi, na mabati. Kijani utaiona kwenye mashamba ya zabibu yanayomwagiliwa na kwenye bendera. Basi.

Na bado washairi wetu wa Dodoma wanaandika ardhi yetu ni ya kijani kibichi, chemchemi zabubujika, mito yatiririka. Chemchemi gani, jamani? Mto gani huo unaotiririka Septemba? Kijana katoka kununua maji ya dumu, kakaa chini, kaandika kwamba mito yatiririka. Hapo siyo bendera iliyomdanganya. Kajidanganya mwenyewe, sababu orodha ilishakuwa kichwani kabla hajafungua dirisha.

Wala sitaki mtu anisingizie kwamba natetea kubadilisha bendera tuwekewe rangi ya vumbi. Bendera ni ya nchi nzima, na nchi ina Rungwe na Lushoto pia. Nasema tu kwamba mwandishi wa Dodoma kapewa bahati ambayo wa Rungwe hana. Yule akitazama bendera na akitazama nje anaona kitu kimoja. Sisi tunaona vitu viwili, na katikati ya viwili hivyo ndimo fasihi inamopita. Hata bluu yetu ipo, ila imejificha. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yamekuwa yakivutwa toka visima virefu vya Mzakwe, huko Makutupora. Bluu yetu iko chini ya ardhi. Ukishajua hivyo, ile pembetatu iliyokaa chini ya bendera inaanza kusema na wewe kwa namna nyingine, na hukuhitaji kutunga chochote.

Tena kuna jambo la kufurahisha. Rangi ya udongo wetu haikusahaulika kabisa. Ipo kwenye Nembo ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana. Tazama ngao ya katikati: juu kuna Mwenge kwenye dhahabu, chini yake bendera, na chini ya bendera kuna sehemu nyekundu, ambayo maana yake ni udongo wenye rutuba. Miguuni mwa Bwana kuna karafuu, miguuni mwa Bibi kuna pamba. Kwa hiyo vile vilivyokosa nafasi kwenye bendera, mazao na udongo, vimehamia kwenye Nembo. Na mchoraji wake? Mwaka 2017 magazeti yalimwibua mzee Francis Kanyasu Maige, maarufu kama Ngosha, wa Buguruni, Dar es Salaam, aliyetajwa kuwa ndiye aliyeichora. Akafariki mwezi Mei mwaka huohuo, na ubishi juu ya nani hasa alichora ukaendelea. Picha hiyo iko kwenye kila noti na kila barua ya serikali. Sisi tunaogombania jina letu liandikwe kwa herufi nzito chini ya shairi tulitafakari hilo tukiwa na nafasi.

Wekundu unanikumbusha na kitu ambacho bendera yetu imekikataa. Kenya, mwaka 1963, waliweka nyekundu kwa ajili ya damu iliyomwagika kwenye kupigania uhuru. Kongo, kwenye bendera waliyoipitisha mwaka 2006, wana mstari wa mshazari unaopanda kama wetu, wenye kingo za njano kama wetu, lakini ni mwekundu, ni damu ya mashujaa. Weka hizo mbili pamoja, yetu na ya Kongo. Mstari ni ule ule. Kule umepita damu, huku wamepita watu. Kuna watakaosema ni kwa sababu uhuru wa Tanganyika haukumwaga damu, na mwaka 1961 kweli haukumwaga. Lakini Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 je? Wale hawana uzi hata mmoja kwenye kitambaa. Mimi sijui kama ningewatia. Pengine kutowatia kulikuwa uamuzi wa busara wa nchi iliyotaka kutazama mbele. Ila shairi la bendera linaloanza na wasiomo kwenye bendera, hilo ningelisoma mara mbili.

La mwisho kwenye orodha ya ubishi wangu ni kwamba maana za rangi hazikai pale zilipoachwa mwaka 1964. CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ilichukua kijani na njano. Wakati wa chama kimoja hilo halikumsumbua mtu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukafuata, kijani ikapata kazi ya pili mtaani. Leo ukiandika kwenye hadithi kwamba dada mmoja alishuka kwenye daladala kajifunga kanga ya kijani na kitambaa cha njano kichwani, ni msomaji gani wa Tanzania atafikiria ardhi na madini? Atajua dada katoka mkutanoni. Rangi ni ileile, asili yake ni ileile ya TANU, lakini msomaji kabadilika. Mshairi anayeandika kijani kana kwamba hakuna kilichotokea tangu 1964 anaandikia mwalimu wa darasa la tano.

Ndiyo maana bendera ninayoitazama sana siku hizi ni ya Zanzibar, iliyoanza kupepea Januari 2005. Walirudisha milia yao ya mwaka 1964, bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kwenye kona ya juu, ubavuni mwa mlingoti, wakaweka bendera ya Muungano ikiwa ndogo. Wengine waliiona kuwa ni hatua ya kujitenga, wengine wakaiona kuwa ni kukumbatiana. Mimi naitazama nyeusi. Imo mara mbili kwenye kitambaa kimoja: mara moja imelala katikati, pana, imetulia kama ilivyokuwa kabla ya Aprili 1964, na mara moja iko pale juu konani, nyembamba, inapanda. Watu walewale, siku ileile, mlingoti uleule. Sijaona mwandishi wetu yeyote aliyeigusa, wa bara wala wa visiwani, na mimi nimeshaanza, kwa hiyo anayeitaka afanye haraka.

Kwa mhariri nina ombi dogo tu. Likija tena shairi la kijani ardhi, njano madini, alirudishe kwa mwenyewe likiwa na stempu, na ndani ya bahasha amtilie karatasi nyeupe na penseli za rangi nne. Achore kwanza.